Pombe ile ile, viungo tofauti: nani huumia wapi, na kwa nini

Wamarekani weusi, kwa wastani, huanza kunywa pombe wakiwa na umri mkubwa kuliko Wazungu wa nchi hiyo hiyo. Wasiokunywa kabisa ni wengi zaidi miongoni mwao, na hata walio wanywaji hunywa kidogo zaidi. Ungetegemea basi waumie kidogo. Kumbe mweusi na Mzungu wakinywa sawa, mweusi ndiye anayeelekea zaidi kuishia na matatizo ya pombe. Mwaka 2014 mwanasaikolojia Tamika Zapolski na wenzake walipitia tafiti za miaka mingi juu ya kitendawili hicho wakijaribu kukitegua.

Geukia wanawake, ukutane na kitendawili kingine. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba mwaka 2019 pombe iliua watu milioni 2.6, wanaume wakiwa milioni 2 na wanawake laki 6. Ukiishia hapo utasema huu ni ugonjwa wa wanaume. Lakini Michael Roerecke na Jürgen Rehm walipojumlisha tafiti zilizofuatilia watu wenye ugonjwa wa ulevi, matokeo waliyoyachapisha mwaka 2013 yalisema mengine: mwanaume mwenye ugonjwa huo ana hatari ya kufa zaidi ya mara 3 ya mwanaume wa kawaida, na mwanamke ana hatari ya mara 4 na nusu ya mwanamke wa kawaida.

Hesabu zote mbili ni sahihi. Ya kwanza inahesabu maiti, na wanaume wanaokunywa ni wengi mno kuliko wanawake. Ya pili inamchukua kila mgonjwa na kumlinganisha na mtu wa kawaida wa jinsia yake. Humo nako mna mtego: mwanamke wa kawaida huishi miaka mingi kuliko mwanaume wa kawaida, kwa hiyo mwanamke aliyezidiwa na pombe ameanguka kutoka juu zaidi.

Ndiyo maana naona swali ambalo watu hupenda kuuliza, "jinsia gani au watu wa asili gani huumizwa zaidi na pombe?", limekaa upogo tangu mwanzo. Pombe haimpigi mtu mwili wote kwa mara moja. Inapita kwenye ini kwa njia yake, kwenye umio kwa njia yake, na kongosho, moyo, matiti na mishipa ya damu kila kimoja kina hadithi yake. Ukiuliza kiungo kwa kiungo, mambo yaliyoonekana kugombana yanaanza kupatana.

Kabla ya kwenda mbali, tuelewane tunamzungumzia nani. Si kila anayelewa Jumamosi. Ni yule ambaye mwili umeshaizoea pombe kiasi kwamba ikikosekana unagoma: alfajiri mikono inatetemeka, jasho linamtoka, moyo unakwenda mbio, na bila kuzimua hawezi kushika kikombe cha chai kisimwagike. Kiasi kilichomlewesha zamani sasa hakimfanyi kitu. Ameshaapa kupunguza mara nyingi, akashindwa. Madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani tangu mwaka 2013 wanatumia vigezo 11. Mtu akikutwa na viwili ndani ya miezi 12 anahesabiwa kuwa na tatizo, na akifikisha sita tatizo ni kali. WHO inakadiria watu milioni 209 duniani wana utegemezi huu.

Maji mwilini

Kwa wanawake, maelezo ya kwanza ni ya hesabu tu. Pombe huyeyuka kwenye maji, haiyeyuki kwenye mafuta. Mwili wa mwanaume kwa wastani una maji karibu asilimia 60, wa mwanamke karibu asilimia 50, kwa sababu kwa maumbile mwanamke ana mafuta zaidi na misuli kidogo.

Chukua chupa ya bia ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5. Ndani yake mna karibu gramu 20 za pombe halisi. Mwanamke wa kilo 60 akinywa mbili kwa haraka, kabla ini halijapata nafasi ya kupunguza, damu yake itakuwa na takriban miligramu 120 za pombe kwa kila mililita 100. Mwanaume wa kilo 60 zile zile atakuwa na kama 97. Lakini mara nyingi mezani wanaokaa pamoja hawana uzito sawa. Mwanaume wa kilo 75 atakuwa na kama 77. Yaani bili ni moja, chupa ni mbili mbili, lakini damu ya mwanamke imebeba nusu tena zaidi ya ile ya mwenzake. Irudie hesabu hiyo kila siku kwa miaka 15 ndipo utaona kwa nini ini lake linachoka mapema.

Mwaka 1990 watafiti, miongoni mwao Charles Lieber wa New York, waliongeza hoja nyingine: kwamba tumbo la mwanamke lina kiasi kidogo cha kimeng'enya kinachoanza kuivunja pombe kabla haijaingia kwenye damu. Hoja hiyo ya tumbo imebishaniwa sana tangu hapo. Ya maji imesimama.

Matokeo yake kwenye ini yalipimwa vizuri Copenhagen, ambako watu zaidi ya 13,000 walifuatiliwa kwa miaka. Katika ripoti ya mwaka 1996, hatari ya ugonjwa wa ini ilianza kupanda kwa wanawake waliokunywa vinywaji 7 hadi 13 kwa wiki. Kwa wanaume ilianza kwenye 14 hadi 27. Nusu kabisa.

Moyo nao umo. Barcelona, mwaka 1995, madaktari waliwapima wanawake na wanaume wenye utegemezi wa pombe wakitafuta udhaifu wa misuli ya moyo. Wanawake walikuwa wameathirika karibu kwa kiwango kile kile cha wanaume, ingawa jumla ya pombe waliyokunywa maishani ilikuwa ndogo kuliko ya wanaume. Na saratani ya matiti inapanda kwa karibu asilimia 7 hadi 10 kwa kila gramu 10 za pombe kwa siku. Ile bia moja ya nusu lita, kumbuka, ina gramu 20. Hili la matiti watu wengi hawalijui, hata wanaojua habari ya ini kwa kirefu.

Kuna jambo jingine lililosemwa kwa miaka mingi kuhusu wanawake: kwamba wanatoka kwenye glasi ya kwanza hadi kwenye uraibu kwa kasi kuliko wanaume. Kliniki zilikuwa zinaliona kila siku. Mwanamke anakuja akiwa amekunywa kwa miaka michache tu, lakini ana hali sawa na mwanaume aliyekunywa kwa muda mrefu. Mwaka 2010, Katherine Keyes na wenzake walipoangalia dodoso kubwa mbili za kitaifa za Marekani, zilizohoji watu majumbani mwao badala ya hospitalini, kasi hiyo haikuonekana. Sasa nani mkweli?

Nadhani wote. Aliyefika kliniki si mfano wa waliobaki nyumbani. Mwanaume mlevi husukumwa kwenda kutibiwa na mkewe, mwajiri, wakati mwingine polisi. Mwanamke hujificha. Pombe yake iko kabatini nyuma ya unga, na watoto wameshajifunza kusema "mama anaumwa kichwa". Anaogopa kunyang'anywa watoto, anaogopa ukoo wa mumewe. Anafika kwa daktari siku mwili umeshaanguka, tumbo limejaa maji au ametapika damu. Tafiti nyingi zinazolinganisha afya ya walevi kwa jinsia au asili zimefanywa kwa watu walio kwenye matibabu, kwa hiyo ukizisoma jiulize kwanza: hawa walifikaje hapa?

Jeni mbili, na kile zisichoeleza

Watu hupenda sana maelezo ya damu. "Wachina hawaiwezi pombe", "Wahindi Wekundu ndivyo walivyozaliwa". Jeni zimo kweli, lakini ni chache, zinajulikana kwa majina, na zinafanya kazi maalumu.

Ini huvunja pombe kwa hatua mbili. Hatua ya kwanza inaigeuza kuwa asetaldehidi, ambayo ni sumu. Hatua ya pili inaigeuza asetaldehidi kuwa kitu kisicho na madhara. Kimeng'enya cha hatua ya pili kinaitwa ALDH2. Zaidi ya theluthi moja ya watu wa Asia ya Mashariki, yaani Wajapani, Wachina na Wakorea, wamerithi ALDH2 dhaifu. Wakinywa, sumu inajaa: uso unaiva kwa wekundu, kichwa kinauma, kichefuchefu kinawashika. Wengi wanaiacha glasi mezani. Dawa ya disulfiramu, ambayo madaktari wa Denmark waligundua matumizi yake kwa walevi katika miaka ya 1940, inafanya jambo lile lile kwa makusudi: inakizuia kimeng'enya hicho ili pombe igeuke kero.

Hadi hapo utasema Mungu amewakinga. Sasa tazama kilichotokea katika Hospitali ya Kurihama, kusini mwa Tokyo, inayotibu walevi wa Japani. Susumu Higuchi na wenzake walipima jeni za wagonjwa waliolazwa katika miaka tofauti. Mwaka 1979, wagonjwa wenye nakala moja ya jeni dhaifu walikuwa asilimia 2.5. Mwaka 1986 wakawa asilimia 8. Mwaka 1992, asilimia 13. Jeni za Wajapani hazikubadilika katika miaka 13, haiwezekani. Kilichobadilika ni Japani yenyewe: fedha zikawepo, na kunywa na wakubwa wa kazi baada ya saa za ofisi kukawa kama sehemu ya ajira. Watu walijifunza kuvumilia wekundu na kichefuchefu hadi wakavuka. Waliobaki nje karibu kabisa ni wale wenye nakala mbili za jeni dhaifu. Hao mwili unakataa katakata.

Na waliovuka ndio walioumia vibaya zaidi, ila si kwenye ini. Wameumia kwenye umio, ile njia ya chakula kati ya koo na tumbo, ambako asetaldehidi inagusa nyama moja kwa moja. Madaktari wa Kurihama walianza kuwapitishia wagonjwa mpira wenye kamera na kuunyunyizia umio wino wa ayodini: sehemu yenye afya inageuka kahawia, sehemu yenye saratani inabaki bila rangi. Kati ya kila wanaume 100 wenye utegemezi wa pombe, walikuta takriban 3 au zaidi wana saratani ya umio, wengi wakiwa hawana dalili yoyote, na waliobeba nakala moja ya jeni dhaifu wakiwa wengi kupita kiasi miongoni mwao. Kwa hiyo jeni ile ile inamkinga Mjapani asiwe mlevi, na akishakuwa mlevi inamwua. Ukisema "Waasia wanalindwa" umekosea; ukisema "Waasia wanaumia zaidi" umekosea pia.

Jeni ya pili inahusu ini. Mwaka 2008 kikosi cha Helen Hobbs na Jonathan Cohen mjini Dallas, jimbo la Texas, kilitambua aina ya jeni iitwayo PNPLA3 inayofanya mafuta yagande kwenye ini. Kati ya nakala 100 za jeni hiyo, aina yenye madhara ilikuwa 49 kwa Walatino (Wamarekani wenye asili ya Amerika ya Kilatini), 23 kwa Wazungu na 17 kwa weusi. Miaka miwili baadaye ikachunguzwa kwa watu wa Meksiko waliokuwa na historia ya utegemezi wa pombe, na ikaonekana kuwatenganisha wale ambao ini lao limeharibika na wale ambao ini lao limestahimili.

Hapo ndipo takwimu moja ya Marekani ilipoanza kueleweka. Wanaume wenye asili ya Meksiko hufa kwa sirosisi, ini lililojaa makovu na kusinyaa, kwa kiwango kinachozidi cha Wazungu na cha weusi. Jeni ni sehemu ya maelezo. Sehemu nyingine ni unene na kisukari, kwa sababu mafuta na pombe kwenye ini havijumlishwi, vinazidishana. Na neno Walatino linaficha mengi: Mkyuba wa Miami na Mmeksiko wa Texas wanawekwa kapu moja, wakati vifo vyao vya ini havifanani hata kidogo. Mwanamke aliyezaliwa kijijini Meksiko mara nyingi hanywi kabisa. Mjukuu wake aliyezaliwa California anakunywa kama Mmarekani mwingine yeyote. Jeni za familia ni zile zile.

Weusi wa Marekani: kongosho, umio, presha

Turudi kwenye kitendawili cha mwanzo. Wengi wakisikia weusi wanapata madhara zaidi, wanafikiria ini. Ilikuwa hivyo zamani. Katika miaka ya 1970 vifo vya sirosisi vya wanaume weusi vilikuwa juu mno. Baadaye vikashuka sana, na katika miaka ya karibuni Wazungu ndio wamewapita. Ile PNPLA3 yenye madhara kuwa adimu kwa watu wenye asili ya Afrika huenda inachangia kidogo.

Madhara yao yako kwingine. Katika hospitali za Marekani, weusi wamelazwa kwa uvimbe wa kongosho mara 2 hadi 3 ya Wazungu. Yeyote aliyewahi kumwona mtu mwenye ugonjwa huo atakuambia: anajikunja kwa maumivu yanayotoboa kutoka chembe ya moyo hadi mgongoni, na hawezi kula. Saratani ya umio ya aina inayoletwa na pombe na sigara nayo imewaandama weusi kwa miongo mingi. Halafu kuna shinikizo la damu. Utafiti mkubwa wa ARIC, uliofuatilia watu wazima katika jamii nne za Marekani, ulionyesha mwaka 2001 kwamba kwa wanaume weusi hata unywaji mdogo uliambatana na kupata presha, jambo ambalo halikuonekana hivyo kwa wengine. Presha isiyotibiwa inakwenda kwenye kiharusi na figo, na cheti cha kifo hakitataja pombe.

Sehemu kubwa ya haya haiko kwenye damu. Mwenye bima nzuri presha yake inagunduliwa akiwa na miaka 35. Asiye na bima anagunduliwa akiwa kwenye machela. Zapolski na wenzake wanaongeza kwamba jamii ya weusi wenyewe inaukemea ulevi kwa ukali, na polisi wanawaangalia kwa jicho kali zaidi, kwa hiyo kosa ambalo kwa kijana Mzungu lingeisha kwa onyo, kwa kijana mweusi linaweza kuvuruga kazi, bima na matibabu kwa pamoja.

Na tusisahau kapu lenyewe. Fomu ya hospitali ya Minneapolis inamweka Msomali aliyewasili juzi, ambaye hajawahi kuonja pombe, kwenye kisanduku kimoja na mzee wa Mississippi ambaye ukoo wake uko Marekani kwa karne tatu. Mkenya au Mtanzania wa Texas naye anaweka tiki pale pale. Wastani unaotoka kwenye kisanduku hicho haumweleweshi yeyote kati yao habari za mwili wake.

Whiteclay

Hakuna watu waliosingiziwa kuhusu pombe kama wenyeji wa asili wa Marekani. Imani kwamba wanazaliwa na udhaifu wa pombe ina umri wa karne, na hadi leo kuna wenyeji wenyewe wanaoiamini. Ile ALDH2 dhaifu ya Asia ya Mashariki ni adimu kwao. Mwaka 2016 James Cunningham na wenzake wa Chuo Kikuu cha Arizona walichambua dodoso za kitaifa wakakuta karibu wenyeji 60 kati ya 100 hawakuwa wamekunywa kabisa katika mwezi uliopita, ilhali Wazungu wa namna hiyo walikuwa kama 43. Unywaji wa kupindukia katika mwezi huo ulikuwa karibu 17 kati ya 100 kwa pande zote mbili.

Na bado, vifo vya magonjwa ya ini yatokanayo na pombe kwa wenyeji ni mara kadhaa ya vile vya Wazungu, wanawake wakiwemo.

Utalielewa hili vizuri ukiitazama Whiteclay. Ni kijiji cha Nebraska chenye wakazi kama dazeni moja, kilichoko mpakani kabisa na eneo la Pine Ridge la watu wa Oglala Lakota. Ndani ya Pine Ridge pombe imekatazwa. Whiteclay ilikuwa na maduka manne ya bia, na maduka hayo yaliuza takriban makopo milioni 4 kwa mwaka. Dazeni ya watu hawawezi kunywa makopo milioni 4. Wanunuzi walitembea kwa miguu kutoka Pine Ridge, wakanywa barabarani kwa sababu hawakuruhusiwa kurudi nayo, wakalala nje kwenye baridi ya nyanda hizo. Mwaka 2017 tume ya leseni ya Nebraska ilikataa kuhuisha leseni za maduka hayo, na mahakama kuu ya jimbo ikaacha uamuzi huo usimame.

Mazingira hayo yanatengeneza kundi ambalo wasiokunywa ni wengi, lakini wachache wanaokunywa wanakunywa kwa namna inayoua: kwa mkupuo, bila chakula, mbali na hospitali, wengi wakiwa na kisukari. Wastani wa jamii nzima unaonekana wa kawaida. Mgonjwa mmoja mmoja hayuko kwenye wastani.

Sigara inayosahaulika

Kuna kitu kinachoharibu ulinganisho wote huu na mara nyingi hakitajwi. Mwaka 1996 madaktari wa Mayo Clinic, Minnesota, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu 845 waliokuwa wametibiwa ulevi na uraibu mwingine hapo. Kati ya vifo ambavyo sababu yake ilijulikana, karibu asilimia 51 vilitokana na tumbaku na asilimia 34 na pombe. Watu waliingia kutibiwa chupa, wakauawa na pakiti. Sigara na pombe vikikutana kwenye umio, hatari inazidishana. Kwa hiyo kabla hujasema kundi fulani lina "mapafu mabaya" au "koo baya" kwa sababu ya pombe, uliza wangapi kati yao wanavuta, kwa sababu miongoni mwa wenye utegemezi wa pombe wavutaji ni wengi kupita kiasi, na hawagawanyiki sawa kwa jinsia wala kwa asili.

Vipimo vyenyewe

Wakati mwingine tofauti inaletwa na rula. Tangu mwaka 2002 foleni ya kupandikizwa ini Marekani imepangwa kwa alama ziitwazo MELD, na mojawapo ya vipimo vinavyoingia humo ni kreatinini ya damu, inayoonyesha figo zinafanyaje kazi. Kreatinini hutoka kwenye misuli. Mwanamke ana misuli kidogo, kreatinini yake iko chini hata figo zikiwa zimechoka, kwa hiyo alama zake zilikuwa zinasema hali yake ni afadhali kuliko ilivyo. Mwanaume aliyeumwa sawa naye alimpita kwenye foleni. Ilichukua hadi Julai 2023 fomula mpya ianze kutumika, ikimwongezea mwanamke pointi kama 1.3. Miaka 21 ya foleni.

Dodoso maarufu la kupima unywaji, AUDIT la WHO lenye maswali 10, lilitengenezwa kwa majaribio katika nchi sita, Kenya ikiwa mojawapo pamoja na Norway, Australia, Bulgaria, Meksiko na Marekani. Kwa kawaida mtu akipata alama 8 anahesabiwa kuwa hatarini. Kwa hesabu ile ya maji, mwanamke mwenye alama 6 anaweza kuwa ameshafika pale mwanaume wa 8 alipo, na wataalamu wengi hushauri mstari wa wanawake ushushwe. Tena maswali yanaulizia idadi ya vinywaji. Mtu wa busaa anayepokezana kopo na wenzake kilabuni, au wa chang'aa kwa mama pima, anahesabuje?

Kwetu

Pwani na bara, ini linasikika kwenye mazungumzo kuliko viungo vingine, lakini hatari zetu zina sura yake. Mtu anayekunywa zaidi ya gramu 40 za pombe kwa siku, yaani zaidi ya zile bia mbili, au mwenye ugonjwa wa ulevi, ana hatari ya kifua kikuu karibu mara 3 ya wengine. Marekani hilo ni jambo dogo kwa sababu kifua kikuu chenyewe ni kidogo. Mwanza au Kisumu si dogo. Pombe inadhoofisha kinga, na kilabu chenye kuta za udongo na dirisha moja kinamaliza kazi. Wanaume ndio wengi kwenye viti hivyo, ndio wengi pia kwenye wodi za kifua kikuu.

Mwanamke wa kwetu mwenye utegemezi mara nyingi ndiye mpishi wa pombe yenyewe: anaonja kila pipa, anakula kwa nadra, na wateja wake hawamhesabu kuwa mlevi. Akiamua kuacha, asiache ghafla peke yake. Arosto ya pombe si kama ya sigara. Kwa aliyezoea sana inaweza kuleta degedege na kuweweseka, na inaweza kuua. Kituo cha afya kitampa dawa za kutuliza na vitamini B1, ambayo ulevi na njaa huimaliza mwilini, na upungufu wake huharibu ubongo moja kwa moja.

Kisha kuna umio. Ukanda wa Afrika Mashariki, kuanzia Ethiopia kushuka hadi Malawi, ni miongoni mwa maeneo yenye saratani nyingi ya umio duniani, na wakati mwingine inawapata watu vijana. Jeni ya Wajapani haipo hapa. Watafiti wa Eldoret waliwalinganisha wagonjwa wa saratani hiyo na watu wengine wa eneo lao, wakaona wanywaji wa busaa na chang'aa wako hatarini zaidi, wanaume kwa wanawake. Pombe haiko peke yake. Chai na uji vinavyonywewa vikiwa vya moto sana navyo vimehusishwa. Hospitali ya Tenwek kule Bomet imewawekea wagonjwa wengi mirija ya kuzibua umio ili waweze kumeza tena, kwa kuwa wengi hufika wakiwa hawapitishi hata uji. Ugonjwa hauanzii hapo. Unaanza na nyama inayokwama kidogo, kisha ugali unaosukumwa kwa maji, na mnywaji anasema ni koo tu. Akisema hivyo kwa wiki mbili mfululizo, apelekwe kupigwa kamera, awe mwanaume au mwanamke, na wa kabila lolote.